Kompyuta ya mezani ya ofisini inatoa sauti tatu tofauti: ipi ni ya kuogopwa?

#1 Mkuu wa Taaluma, Arua

Salamu nyingi kutoka Arua. Naomba msaada wenu ninyi mnaozijua mashine, na nitaeleza kwa urefu ili pasiwe na mtu wa kukisia.

Ofisi yetu ya taaluma ina kompyuta moja ya mezani ambayo shule iliinunua ikiwa imeshatumika ng'ambo. Ndani yake zimo alama za wanafunzi wa S.1 hadi S.4 (kidato cha kwanza hadi cha nne), pamoja na zile za tathmini endelevu ambazo, kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza S.4. Mnaelewa basi kwa nini mabadiliko yoyote katika mashine hii yananinyima usingizi.

Sauti zenyewe ni tatu. Ya kwanza husikika asubuhi tu: nikiwasha, hutoka mkwaruzo mzito nyuma ya kasha, unadumu dakika kadhaa, kisha unafifia wenyewe. Ya pili ilianza muhula huu. Ni "tak, tak, tak" yenye mpigo sawa, na mara nyingi huja ninapofungua jedwali kubwa la alama. Wakati huo skrini huganda, kisha kazi huendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Ya tatu haitoki katika kasha bali katika spika ndogo zilizochomekwa kwenye kompyuta. Ni mvumo wa chini usiokoma hata pasipochezwa chochote, na hubadilika nikiweka mkono juu ya kasha la chuma. Tena nikiligusa kasha hilo kwa mgongo wa vidole huhisi mwasho mwepesi.

Umeme wetu ni wa gridi, na ukikatika tunahamia kwenye inveta ya sola. Fundi mmoja wa hapa mjini ameshauri tubadilishe pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachoipa kompyuta umeme) na kuweka Windows upya, na bodi ya shule inataka kujua kama gharama hiyo ina sababu. Nifanye nini?

#2 Fundi wa Mbale

Mwalimu, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta mashine dukani na kusema tu kwamba "inalia". Kwa maelezo yako naona hitilafu tatu zisizohusiana, na kila moja ina dawa yake. Pawa saplai huenda ikahitaji kubadilishwa siku moja, lakini kuweka Windows upya juu ya diski (kifaa kinachohifadhi mafaili) inayogonga, nayo ndiyo sauti yako ya pili, ni kuibebesha mzigo mkubwa wakati ambapo imedhoofika, tena ni kuhatarisha kila kilichomo. Usikubali.

Sauti ya pili ndiyo ya kuogopwa. Kama mashine imewashwa sasa unaposoma, funga kazi zako, izime kwa njia ya kawaida, chomoa waya wa umeme, na usiiwashe tena mpaka uwe na mahali pa kunakili alama hizo. Mkwaruzo wa asubuhi unaweza kungoja. Mvumo wa spika nao unaweza kungoja, ila ule mwasho wa vidoleni usingoje, na naamini humu wapo mafundi umeme watakaokueleza kwa nini.

Jambo la jumla kwa wasomaji wote: msinunue kifaa kabla ya kujua sauti inatoka wapi. Kasha la bati hulidanganya sikio, kwa sababu kitu kimoja kikitetemeka ndani yake, ubavu mzima hutetemeka pamoja nacho. Chukueni kipande cha mpira wa maji, au karatasi ngumu iliyokunjwa kuwa bomba, muweke ncha moja sikioni na nyingine mkiizungusha nje ya kasha polepole. Mtashangaa jinsi sauti iliyodhaniwa kuwa ya feni inavyohamia kwenye diski, au iliyodhaniwa kuwa ya diski inavyohamia kwenye skrubu iliyolegea.

Njia ya uhakika zaidi ni kutenga. Mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha chomoa nyaya mbili za diski, rudisha umeme na uwashe kwa dakika moja. Mashine italalamika kwamba haina diski ya kuanzia, na hilo si tatizo. "Tak" ikinyamaza, basi inatoka kwenye diski au inatokana na umeme unaoifikia diski. Feni za kasha unaweza kuzitenga vivyo hivyo, moja baada ya nyingine. Feni ya prosesa usiitenge, kwa maana prosesa hupata joto upesi sana.

#3 Mtunza Data, Kampala

Naunga mkono, na naomba nieleze kinachotokea ndani ya diski, maana mtu akikijua hatashawishika kuendelea kuitumia.

Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Nyingine huzunguka mara 5,400. Juu ya sahani zake kuna vichwa vya kusomea vinavyoelea kwa hewa inayosukumwa na mzunguko huo, na umbali kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele hupimwa kwa makumi ya mikromita. Kwenye sahani kumeandikwa alama za kukielekeza kichwa mahali kilipo. Kichwa kikishindwa kuzisoma, mkono unaokibeba hurudishwa mwanzoni ili ujaribu tena, na kurudi huko ndiko kunakotoa ile "tak". Ukisikia mpigo sawa unaojirudia, diski inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Skrini yako iliganda kwa sababu Windows ilikuwa ikingoja jibu.

Si kila sauti ya diski ni ugonjwa. Mvumo unaopanda wakati wa kuwasha ni wa kawaida, na mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio wakati wa kufungua faili ni ya kawaida pia. Mlio mmoja mkali wa kugonga unaosikika umeme unapokatika ghafla nao unaeleweka: diski hutumia nguvu iliyobaki katika sahani zinazozunguka ili kuviegesha vichwa kwa dharura kabla havijatua. Diski imeundwa kuvumilia hilo, ila si mara nyingi kama maegesho ya kawaida, na ndiyo maana katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara napenda kila kompyuta yenye diski ya kuzunguka iwe na UPS, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika, hata ndogo ya kutosha dakika za kuzimia tu.

Sasa hatua. Mwalimu, kama shule ina maabara ya kompyuta, omba mashine moja ya mezani iliyo salama, uichomeke diski hii ndani yake kama diski ya pili. Usitegemee ule waya mdogo wa USB unaotumika kwa diski za laptopu, kwa sababu diski kubwa ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 ambazo waya huo hauna. Windows ya mashine ya maabara ikikuuliza kama ikague na kurekebisha diski, kataa. Ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa, kataa pia. Nakili folda ya alama kwanza, ndipo barua, ndipo mengine. Picha na nyimbo ziwe za mwisho, au ziachwe. Ukimaliza, soma hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo utuletee tarakimu za mistari ya 05, C5, C6 na C7.

#4 Mkazi wa Kasese

Ndugu zangu, nimewahi kusikia kwamba diski ya aina hii ikifungwa katika nailoni na kulazwa kwenye friza usiku mmoja huamka. Wengine husema ukaguzi wa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ukiongezewa /r huondoa sehemu mbovu na diski ikarudi kuwa nzima. Je, mwalimu asijaribu hayo kwanza kabla ya kusumbua maabara?

#5 Mtunza Data, Kampala

Ndugu wa Kasese, nashukuru umeuliza hadharani, kwa sababu ushauri huo bado unazunguka na unaharibu kazi za watu.

Friza huingiza baridi ndani ya diski, na diski ikitolewa katika hewa yetu yenye unyevu, maji hujitengeneza juu ya chuma. Kwa pengo la nanomita chache, tone dogo la maji ni janga. Diski zilizokwama zamani sana kwa sababu ya ulainishi wake huenda zilizinduka kwa njia hiyo, lakini tatizo la mwalimu si diski iliyokwama. Sahani zake zinazunguka.

Kuhusu chkdsk, kazi yake ni kuuweka sawa mpangilio wa mafaili. Ukiongeza /r, husoma uso wote wa diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika mabadiliko juu yake. Diski inayogonga huenda ikawa na saa chache tu za kusoma zilizobaki. Saa hizo ni za kunakili alama, na hazipaswi kutumika kukagua nafasi tupu. Vilevile nawasihi wasomaji wote msiifungue diski kutazama ndani. Vumbi jekundu la barabara zetu, ambalo hulioni hewani, ni kubwa mara nyingi kuliko pengo lile.

#6 Fundi Umeme, Jinja

Mwalimu, mimi nimesimama kwenye ule mwasho. Tafadhali tazama waya unaoleta umeme kwenye kompyuta. Nakisia kwamba plagi yake ina pini mbili za mviringo za kule Ulaya, na kwamba ili iingie ukutani kuna mtu huchomeka kalamu katika tundu la juu la soketi. Kama ndivyo, nijibu, nami nitaeleza.

#7 Mkuu wa Taaluma, Arua

Ni kweli kabisa, Fundi. Plagi ni ya pini mbili za mviringo, na katibu hutumia kifuniko cha kalamu kufungulia soketi.

Mashine imezimwa tangu niliposoma jibu la Fundi wa Mbale. Mwalimu wa maabara amekubali kunisaidia kuhusu diski.

#8 Fundi Umeme, Jinja

Basi maelezo ni haya. Soketi zetu Uganda ni za matundu matatu bapa, za mtindo wa Uingereza. Pini ya juu, iliyo ndefu kuliko wenzake, ni ya waya wa ardhi, na kwa urefu wake huingia kwanza na kusukuma kizuizi kinachofunika matundu mawili ya umeme. Kalamu inapochomekwa pale hufanya kazi ya kufungua kizuizi, lakini haiunganishi ardhi. Plagi ile ya Ulaya huipata ardhi yake kwa vibati vya pembeni, na soketi yetu haina kitu cha kugusana navyo. Matokeo ni kwamba kompyuta yako inafanya kazi bila ardhi.

Ndani ya pawa saplai, mahali umeme unapoingia, kuna kapasita ndogo (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) zinazounganisha nyaya zote mbili za umeme na kasha, ili kuchuja kelele na kuzipeleka ardhini. Ardhi isipokuwepo, kasha hubaki likielea katikati, kwenye kiasi cha nusu ya volti 240. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unahisi mwasho tu. Kelele hiyohiyo ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde ikikosa njia ya kwenda chini hupita katika waya wa spika, nawe unausikia mvumo. Ukiweka mkono kwenye kasha, mwili wako unakuwa njia, na mvumo unabadilika.

Hatari haiko katika mwasho wa leo. Siku waya wa ndani ukichunika na kuligusa kasha, umeme mzima utakaa pale ukimsubiri mtu wa kwanza kuligusa. Kama ardhi ingekuwepo, fyuzi ingekatika papo hapo. Ofisi ya shule huingiwa na watoto, na wengine huja peku au viatu vimelowa mvua. Naomba jambo hili lifanywe wiki hii.

Gharama yake ni ndogo. Waya wa kompyuta huchomoka upande wa pili, kwa hiyo unanunua waya mwingine wenye plagi ya pini tatu bapa na fyuzi ndani, unaubadilisha, basi. Usinunue kile kibadilisho cha plastiki chenye pini ya juu isiyo na chuma, kwa kuwa ni ile kalamu kwa sura nyingine. Kisha mwite fundi umeme apime soketi yenyewe, maana majengo mengi yana soketi zenye tundu la ardhi lisilounganishwa na chochote nyuma yake.

Na kwa kuwa mashine ilitoka ng'ambo, itazame pawa saplai kwa nyuma. Baadhi ya zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Kama ipo, hakikisha iko 230. Ikiwa 115, volti zetu 240 huongezwa maradufu ndani, na kila kapasita kubwa iliyotengenezwa kubeba kama volti 200 hupewa karibu 340. Hupasuka kwa kishindo kinachosikika chumba cha pili, na moshi wake una harufu kali. Hiyo nayo ni sauti ambayo wengi huja kuuliza maana yake, ila huwa wamechelewa.

#9 Mama Steshenari, Busia

Naendesha duka la fotokopi karibu na mpaka, na malori hayalali, kwa hiyo vumbi ni sehemu ya biashara yetu. Mwalimu, kuhusu mkwaruzo wa nyuma naomba ufungue kasha na kutazama kwa macho kabla ya kufikiria jambo kubwa. Katika mashine za dukani kwangu nimeshakuta mjusi aliyekauka kati ya mapanga ya feni, makombo ya mende, na waya mwembamba uliotoka kwenye kifungo chake ukawa unapigwa na feni kila inapozunguka. Sauti ya waya ni "trrrr" inayopanda na kushuka pamoja na kasi ya feni, na dawa yake ni kuufunga waya huo pembeni.

Jambo lingine dogo: kama mashine inanguruma kwa nguvu mara tu inapowashwa kisha inatulia, angalia kama kuna CD iliyosahaulika ndani ya kisomeo. Na wale wanaosikia "bip" kila baada ya sekunde chache umeme ukikatika, isikilizeni UPS kabla ya kuilaumu kompyuta. Inawaarifu tu kwamba mko kwenye betri.

#10 Fundi wa Mbale

Mama amesema kweli, na kwa mkwaruzo unaoisha mashine ikipata joto nina neno la kuongeza. Feni nyingi za bei nafuu hazina beringi ya gololi. Mhimili wake huzunguka ndani ya bomba dogo lenye mafuta, na mafuta hayo yakikauka au yakichanganyika na vumbi, mhimili hukwaruza ukiwa wa baridi, kisha hutulia mafuta machache yaliyobaki yanapopata joto na kulainika. Kwa hiyo, Mwalimu, naamini ni feni ya nyuma ya kasha au ya pawa saplai.

Kama ni ya kasha, ing'oe, usafishe mapanga kwa brashi laini, bandua karatasi iliyo katikati yake, udondoshe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili, kisha urudishe karatasi. Mafuta ya kupikia yasitumike, hata simsim iliyo bora, kwa kuwa yote huganda na kunata. Dawa hii ni ya muda. Feni ikishaanza kukwaruza, panga kununua nyingine yenye upana uleule, iwe milimita 80, 92 au 120, na uangalie idadi ya pini kwenye kichwa cha waya wake, kwa sababu mashine nyingi za ofisini zina vichwa visivyofanana na vya madukani.

Unapopuliza vumbi kwa blowa, ishike feni isizunguke. Watu hupenda kuisikia ikivuma, lakini kasi ile huipita ile iliyoundiwa na humaliza beringi. Fanya kazi hiyo nje, mashine ikiwa imechomolewa.

Ikiwa sauti ni ya feni ya pawa saplai, hapo usifungue. Ndani yake kapasita huhifadhi zaidi ya volti 300 kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa. Mpelekee fundi mwenye vifaa, au ibadilishwe nzima. Hapo ndipo ushauri wa fundi wa kwenu ungekuwa na msingi.

#11 Mwanafunzi, Lira

Samahani kwa kuingilia uzi. Mashine yangu haikwaruzi wala haigongi, bali hutoa mlio mwembamba sana kama wa mbu, hasa nikifungua mchezo wenye picha nzito. Feni nimeshazikagua. Je, nayo inakufa?

#12 Fundi wa Mbale

Hapana, ndugu. Huo ni mlio wa koili zilizo katika kadi ya michoro au pawa saplai. Umeme unaopita humo hubadilika kwa kasi kubwa na kuzitetemesha koili kidogo sana, na mtetemo ukiangukia katika masafa ya sikio, unausikia. Weka kikomo cha picha kwa sekunde katika mipangilio ya mchezo, kwa mfano 60, nao utapungua au kutoweka. Unaudhi lakini hauharibu kitu.

#13 Mkuu wa Taaluma, Arua

Ndugu zangu, naleta taarifa. Diski tuliichomeka katika mashine ya maabara, na tukakataa maswali yote ya Windows kama tulivyoagizwa. Folda ya alama imenakiliwa kwenye diski ya nje na kwenye mashine yenyewe ya maabara, isipokuwa faili moja la S.3 ambalo likifikia nusu hugonga "tak, tak" na kusimama. CrystalDiskInfo inaonyesha rangi ya njano. Mstari wa 05 una 2C, C5 una 18, C6 una 18, na C7 una sifuri. Nyuma ya pawa saplai hakuna swichi nyekundu. Waya wa pini tatu umenunuliwa.

#14 Mtunza Data, Kampala

Pongezi, Mwalimu, umeokoa sehemu kubwa. Tarakimu hizo zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 2C ni 44 na 18 ni 24. Maana yake ni kwamba diski imeshahamisha sehemu 44 mbovu kwenda kwenye akiba yake, na sehemu nyingine 24 imeshindwa kuzisoma na haijajua izifanye nini. Faili lako la S.3 linapita katika mojawapo ya hizo. C7 huhesabu makosa ya mawasiliano katika waya wa data, na ikiwa ni sifuri hatuna sababu ya kuushuku waya huo. Na kwa kuwa diski imegonga hata ikipewa umeme na mashine nyingine, pawa saplai yenu haihusiki na sauti hii.

Kwa faili lililobaki, acha kulivuta kwa kunakili kwa kawaida. Anzisheni mashine ya maabara kwa Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) iliyo kwenye flashi, mtumie programu ya ddrescue kunakili diski nzima kwenye nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zote nzima, ikiziruka zile zinazogoma, na kuweka kumbukumbu ya zilizorukwa. Mwishoni ndipo huzirudia kidogo kidogo. Ikikatika katikati, huendelea ilipoachia. Hakikisheni mara mbili ipi ni diski ya kutoka na ipi ni ya kwenda kabla ya kuruhusu amri hiyo, kwa sababu mkizigeuza, kosa hilo halina tiba. Fanyeni kazi hii kwenye umeme wenye UPS.

#15 Mkuu wa Taaluma, Arua

Faili la S.3 limepatikana. Mistari michache haisomeki, lakini walimu wa masomo wanazo daftari zao na tumeijaza kutoka humo.

Feni ya nyuma ya kasha ndiyo iliyokuwa ikikwaruza. Ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu mpaka rangi yake haionekani. Tone la mafuta ya cherehani limeinyamazisha, na nyingine imeagizwa.

Fundi umeme amepima soketi, akakuta waya wa ardhi haukukazwa nyuma yake, akaukaza. Kwa waya mpya, mwasho umekwisha na spika ziko kimya tukiwa kwenye gridi. Limebaki jambo moja: tukihamia kwenye inveta ya sola, pawa saplai yenyewe huvuma "nzzz" mpaka gridi irudi. Je, ni hatari?

#16 Fundi Umeme, Jinja

Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini la umeme kama la gridi. Hutoa ngazi zilizokatwa, na kila ngazi huzishtua koili na transfoma zilizo ndani ya pawa saplai, ndipo huvuma. Kwa muda mfupi mashine huvumilia, ila pawa saplai hupata joto zaidi na baadhi ya zile za kisasa hujizima ghafla. Itumieni inveta hiyo kwa taa na kuchajia simu, na kompyuta iwasheni kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Shule ikipata fedha, nunueni inveta iliyoandikwa kuwa inatoa wimbi safi, na hiyo nayo iunganishwe na ardhi.

#17 Mtunza Data, Kampala

Mwalimu, diski ya zamani usiuze wala kumpa mtu, hata kama inaonekana imekufa, maana majina na alama za watoto bado zimo. Ikishathibitika kwamba nakala zenu zote zinafunguka, itobolewe kwa keekee mpaka sahani zipasuke.

Mkiweka SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, badala yake, ofisi itakuwa kimya na mashine itafunguka haraka, ila SSD haina sahani wala mkono, hivyo ikianza kufa haitawagongea "tak" ya kuwatahadharisha. Wekeni nakala moja katika diski ya nje inayokaa katika kabati lenye kufuli la ofisi ya mkuu wa shule, na nyingine nje ya jengo, zifanywe upya kila Ijumaa wakati alama zinaingizwa, na awepo mtu mmoja anayetajwa kwa jina kuwa mwenye wajibu huo.

#18 Mkuu wa Taaluma, Arua

Tumekubaliana hivyo katika kikao cha leo. Bodi imeidhinisha SSD, feni na UPS, na pendekezo la pawa saplai mpya limewekwa kando. Atakayesimamia nakala ni katibu, nami nitakagua mwanzo wa kila mwezi kwa kufungua mafaili yenyewe, si kwa kutazama tarehe zake tu.